Boliti za Pampu ya Tatu

Kichwa cha boliti kilibaki mkononi mwa Orikasa kama kifungo cha shati kilichokatika uzi. Hakukivuta. Wala hakutia spana. Alikigusa tu kwa vidole viwili, glovu zikiwa mkononi, kuona kama kimelegea, nacho kikaja chenyewe kikamlalia kiganjani, kizito na baridi, ukubwa wa limau.

Watu wengine watatu waliokuwa mle wakasogea kuona.

"Hiki ni cha ngapi?" aliuliza Orikasa.

"Cha tano," alijibu Fundi Mkuu Inomata. "Cha kwanza kilinitoka jana, nilipoweka spana. Nilidhani ndoto."

Orikasa Shizue alikuwa mkaguzi wa serikali wa mitambo ya nyuklia. Katika kazi hiyo alikwisha kuona kutu, alikwisha kuona mabomba yaliyoliwa mpaka yakawa membamba kama karatasi. Lakini boliti nene kama mpini wa jembe kukatika kwa kuguswa, hilo hakuwahi kuliona. Aliinama akaimulika pampu kwa tochi. Ilikuwa ya tatu kati ya nne zilizo katika kituo cha Oshizaki, kila moja na chumba chake. Kinu kikizimwa, joto lake halifi papo hapo. Hubaki likifukuta kama chungu kilichoepuliwa, na pampu hizi ndizo zinazozungusha maji ya kulipoza. Pampu ya Tatu ingeitwa kazini siku ya tetemeko la ardhi, ikawashwa kwa nguvu zote, mfuniko wake ungeruka na maji yakamwagika sakafuni, siku ambayo kila tone linahitajika.

Naye Gotanda, naibu meneja wa kituo, alilijua hilo. Alikuwa akijifuta jasho shingoni, na chumba kilikuwa na baridi.

"Bibi Mkaguzi," alisema, "jambo lenyewe liko wazi. Boliti mbovu. Mwenye karakana ametuuzia chuma kibovu. Saa kumi alasiri waandishi wa habari wanakuja, nami nitalitaja jina lake."

"Jina gani?"

"Kuwahata. Mzee wa hapa hapa mjini. Boliti hizi zote anatengeneza yeye."

"Ukilitaja, karakana yake itakuwaje?"

Gotanda alitazama sakafu. "Atafunga, nadhani. Nani tena atanunua kwake hata msumari?"

"Basi tuna mpaka saa kumi," alisema Orikasa. Akakitia kile kichwa cha boliti ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga, akautuma maabara.

Alianza na mikono iliyozikaza, kama ilivyo kawaida yake. Boliti ina wazazi wawili, aliyeitengeneza na aliyeikaza, na mtoto akiharibika huulizwa wote wawili.

"Nani alizifunga hizi?"

"Mimi," alisema Inomata. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, kola imefungwa hadi kifungo cha juu kabisa.

"Wewe mwenyewe, fundi mkuu mzima?"

"Mwenyewe. Pampu ya Tatu simwachii mtu."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kila mpishi ana chungu chake."

Fundi mmoja mnene, Segawa, aliyekuwa ameshika taa, aliguna. "Bibi Mkaguzi, huyu sisi tunamwita mama mkwe. Anapitisha kidole juu ya boliti kama mama mkwe anayetafuta vumbi kwenye rafu ya mkaza mwana. Ukiigusa kwa mkono mtupu, anakuchapa kitambaa cha uso!"

"Nami nitakuchapa tena," alisema Inomata bila kucheka. Akamgeukia Orikasa. "Jasho lina chumvi. Chumvi na chuma hiki kisichoshika kutu ni kama panya na gunia la mchele. Humwoni akila. Siku unainua gunia, mchele wote chini. Mimi kila boliti naifuta kwa pombe kali, mara mbili, naivalisha washa, ile pete yake ya chuma, kwa glovu mpya. Naikaza kwa spana ya kipimo, kidogo kidogo, kwa msalaba, hii halafu ile ya upande wa pili. Uliza mtu yeyote."

"Ulizikaza kupita kipimo?"

"Hata nywele moja."

"Kwa hiyo unasema kosa si lako."

"Nasema mikono yangu ni safi. Mzee Kuwahata namheshimu kama kaka yangu. Lakini mikono yangu ni safi. Sasa kama si mimi, ni nani? Ni chuma chake."

Alilisema lile la mwisho polepole, kama mtu anayetema jino.

Kabla ya kutoka, Orikasa aliizunguka pampu tena. Mfuniko wake ulikuwa duara, na boliti zimepangwa ukingoni kama namba za saa ya ukutani. Akazigonga moja moja kwa nyundo ndogo, ameinamisha sikio. Za upande wa mlangoni zililia kengele, ngii, ngii. Za upande wa ukutani zililia kama kigae. Zote mbovu zilikuwa upande mmoja, zimepakana kama majirani.

Chuma kibovu, alijiambia, hakijui upande wa mlango na upande wa ukuta.

Mzee Kuwahata alikuwa amekaa chumba cha wageni, nje ya geti, tangu asubuhi. Chai aliyowekewa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alipoona mkaguzi akiingia alisimama, akainama mpaka mgongo ukawa kama meza, akabaki vile vile mpaka alipoambiwa inatosha. Kisha akafungua kitambaa cha zambarau juu ya meza. Ndani mlikuwa na boliti tatu, zinang'aa.

"Hizi ni ndugu zao," alisema. "Zimetoka tanuri moja, siku moja. Kila ninapotengeneza, nabakiza chache nyumbani. Zikate, Bibi Mkaguzi. Zivunje. Zichemshe ukitaka."

"Alama ya tanuri iko wapi?"

"Kichwani, hapa. Na za Pampu ya Kwanza zina alama hii hii. Za Pili na za Nne pia. Niliwauzia fungu moja. Kama ni mbovu, ni mbovu zote. Katazameni. Kama ni mbovu zote, nitafunga karakana mwenyewe kabla hawajanitaja."

Orikasa alipiga simu pale pale. Mafundi wakaingia katika vyumba vile vingine vitatu, wakapitisha mawimbi ya sauti ndani ya kila boliti, jinsi daktari anavyomtazama mtoto tumboni. Jibu lilirudi kabla chai ya pili haijapoa. Pampu ya Kwanza, nzima. Ya Pili, nzima. Ya Nne, nzima, kila boliti, na alama ni ile ile.

Mzee hakufurahi. Alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Gotanda, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimvuta Orikasa nje kwenye ujia.

"Kuna jambo sikulisema," alinong'ona. "Huyu mzee ana kinyongo na sisi. Mwanawe alikuwa fundi hapa. Ryohei. Alifia kazini, moyo ulisimama tu, kijana wa watu."

"Alifia wapi?"

Gotanda aliurudisha mlango nyuma yake.

"Wapi, Bwana Gotanda?"

"Chumba cha Pampu ya Tatu."

Orikasa alimwangalia mtu huyu aliyevaa tai ya buluu, aliyekuwa amesimama naye mle ndani asubuhi nzima, juu ya sakafu ile ile, asiseme.

"Na wewe ulitaka kwenda mbele ya waandishi wa habari kulitaja jina la baba yake?"

"Ndiyo maana nakwambia! Pengine amelipiza. Pengine kazitilia dawa boliti za chumba kile tu."

"Zilifika zote katika sanduku moja. Angejuaje zipi zitakwenda Pampu ya Tatu?"

Gotanda alitazama saa yake.

Hata hivyo kuuliza ni kazi, na Orikasa aliirudia ile meza yenye kitambaa cha zambarau. Aliuliza moja kwa moja, kwa kuwa aliona kuzunguka ni kumtesa mzee bure.

"Mzee Kuwahata, tangu mwanao afariki, umewahi kuingia chumba kile?"

Mzee alitikisa kichwa. "Wameniambia mara nyingi, njoo kagua kazi yako. Nafika getini. Miguu inakataa. Muulize mama wa getini, ameniona nikigeuza gari." Akalaza kiganja juu ya boliti moja. "Nazitengeneza boliti za kwenda kule. Kuzifuata siwezi."

"Nani alikuwa naye alipofariki?"

"Inomata. Alimbeba mgongoni ngazi zote zile, akaja naye mpaka juu. Hata jeneza alilibeba yeye."

Simu ya Orikasa ililia. Alikuwa Mizoguchi wa maabara, mtu asiyejua kusalimu.

"Nimekata kile kichwa, nimekitia kwenye hadubini. Unanisikia? Nyufa zimetawanyika kama mizizi ya mchicha, moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne. Si chuma kibovu. Si kukazwa kupita kiasi. Kimeliwa kutoka nje kuingia ndani."

"Kimeliwa na nini?"

"Chumvi. Nyingi, tena! Chuma hiki kikikazwa, kikapata joto na unyevu, na chumvi ikikikalia, basi. Juu kinang'aa, ndani kimekwisha. Mmejenga ufukweni nyie, labda upepo wa bahari."

"Upepo wa bahari haubishi hodi mlango mmoja kati ya minne," alisema Orikasa. "Na hewa ya mle inapita kwenye vichujio."

"Basi mtu kaipeleka kwa mkono." Akakata simu.

Orikasa alibaki amesimama na simu sikioni. Mtu kaipeleka kwa mkono. Nani angeleta chumvi chini ya kinu cha nyuklia, mahali ambapo hata jasho la kidole linafutwa mara mbili?

Akarudi chini. Chumba cha kubadilishia nguo, ovaroli jeupe, soksi mbili mbili, kofia, kipimo cha mionzi kifuani. Alipokuwa akipita geti la ndani alimuuliza mama mlinzi wa pale, "Mama, mtu akiingia na kitu kidogo mfukoni, mnakipima?"

"Tunapima kinachotoka, mwanangu," alisema yule mama. "Mionzi iko ndani, si nje. Kinachoingia kitakuwa na nini?"

Ndani ya chumba, safari hii hakuitazama pampu. Alisimama upande wa ukutani, juu ya zile boliti zilizolia kigae, akainua uso. Bomba la maji baridi lilipita pale juu, nalo lilikuwa linatoka jasho, kama chupa iliyotolewa barafuni. Chini ya bomba kulikuwa na mkono wa chuma wa kulishikilia, bapa, mpana kama sahani. Akapanda ngazi ndogo. Juu ya ule mkono palikuwa na alama nyeupe, duara, na ndani yake duara jingine, na jingine, kama pete za mti uliokatwa. Kutoka pale, mchirizi mwembamba ulishuka mpaka ukingoni. Akaning'iniza uzi wenye nati. Nati ikatua sawasawa juu ya kisiki cha boliti ya kwanza iliyokatika.

Kitu kiliwekwa hapa. Kikayeyuka, kikawekwa tena. Kikayeyuka tena.

Alichukua sampuli kwa pamba, akatoka, akapimwa, akarudishiwa nguo zake. Alikuwa anatafuta kitambaa cha mkono katika mfuko wa koti lake jeusi, koti alilovaa juzi kumzika shangazi yake, vidole vyake vilipokuta kijikaratasi kilichokunjwa. Akakitoa. Kilikuwa kile wanachopewa wote mazishini: kipakiti kidogo cheupe, cha kujinyunyizia kabla hujakanyaga kizingiti cha nyumba yako, ili mauti yasikufuate ndani. Yeye alifika amechoka akasahau kujinyunyizia.

Ndani yake mna chumvi.

Orikasa aliketi juu ya benchi. Lile duara jeupe. Kichuguu kidogo cha chumvi, kilichochongoka juu, kile ambacho bibi yake mwenyewe alikuwa akikiweka pembeni mwa mlango kila mwezi kufukuza mabaya, na mamilioni ya watu wa nchi hii wanakiweka, hotelini, dukani, pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Alikuwa akitafuta adui tangu asubuhi, kumbe hakuna adui!

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Mama mkwe."

Alimwita Inomata chumba cha wageni. Mzee Kuwahata alikuwa bado pale, naye Orikasa hakumtoa. Alikiweka kile kipakiti juu ya meza, katikati ya boliti tatu zinazong'aa.

Inomata alikitazama. Uso wake ukalegea kwa huruma. "Lo, Bibi Mkaguzi, umefiwa? Pole sana. Sisi tunakusumbua kumbe una msiba."

Hakuwa na habari. Hilo lilimuumiza Orikasa kuliko kama angekimbia.

"Fundi Inomata. Juu ya mkono wa bomba, chumba cha Pampu ya Tatu. Ulikuwa unaweka nini?"

Inomata alifumba macho, akafumbua. Akamtupia mzee jicho, akaliondoa upesi.

"Mnisamehe. Najua hairuhusiwi kuingiza kitu. Lakini siku ile Ryohei alipofariki, walimwondoa asubuhi, mchana wakaosha sakafu, alasiri pampu ikawashwa. Hakuna aliyemwombea. Hata kusimama kimya kidogo, hakuna. Mimi nikasema, kijana hawezi kuachwa vile. Kwa hiyo kila nikiingia ukarabati namwekea kidogo. Kichuguu kidogo tu, kama hiki." Akaonyesha kwa vidole. "Na nikirudi, kimekwisha. Kimeyeyuka chote. Wazee husema ikiyeyuka imekunywa ubaya wa mahali. Nikafurahi. Nikasema, inakunywa, inakunywa, naongeza."

"Unaongeza nini, Fundi?"

"Ile ya..." Akasimama hapo.

"Itaje."

"Ile si chumvi," alisema Inomata, na sauti yake ikawa ya mtu anayejitetea mbele ya mtoto. "Chumvi ni jasho. Chumvi ni bahari. Ile ni ya kusafishia. Ile ni ya Ryohei."

Macho yake yalitoka kwenye kipakiti yakaenda kwenye boliti, yakarudi kwenye kipakiti. Orikasa aliliona jambo lenyewe likimfikia, kama mtu anavyoona gari likimjia na hawezi kuruka. Rangi ilimtoka kuanzia paji la uso. Akaitazama mikono yake, ile mikono safi.

"Haikunywa," alisema. "Ilishuka."

"Ilishuka na jasho la bomba. Ikakaa chini ya vichwa vya boliti, upande wa ukutani."

"Mimi niliyefuta mara mbili..."

"Wewe."

"Mimi niliyewachapa watu vitambaa!"

"Kuna mahali pengine ulipoweka? Fikiri vizuri. Kinu hakitawashwa mpaka unijibu."

Inomata alitikisa kichwa. "Pampu ya Tatu tu," alisema. "Alifia pale tu."

Ndipo akaanguka. Hakuanguka kwa kuzimia. Alishuka kwa magoti mbele ya Mzee Kuwahata, akaweka viganja sakafuni na paji la uso kati ya viganja. "Nimesema ni chuma chako. Nimesimama asubuhi hii mbele ya watu nikasema ni chuma chako."

Mzee Kuwahata alikuwa ameduwaa, kama mtu aliyepigwa kofi na mkono uliokuwa ukimpa chakula. Mara akainua boliti moja, akaigeuza, akaitazama alama ya tanuri, akaiweka.

"Miaka yote hii," alisema, "mimi baba yake sikuweza kupita hata geti. Nilidhani yuko kule peke yake."

Inomata alilia kwa sauti, uso bado sakafuni.

Mlango ulifunguliwa. Gotanda aliingiza kichwa, tai imenyooshwa, karatasi mkononi. "Wamekwisha kaa. Kamera zimewashwa. Bibi Mkaguzi, niseme..." Akamwona Inomata. Akaona kipakiti. Alikuwa mtu wa nchi ile ile, naye ana bibi yake, hakuhitaji kuelezwa. Karatasi ilimdondoka.

"Boliti zilikuwa nzima," alisema Orikasa. "Anzia hapo. Halafu sema jinsi zilivyoharibika."

"Wataniuliza chumvi ya nini," alisema Gotanda. "Wataniuliza ya nani."

Mzee Kuwahata alisimama. Alikusanya boliti zake tatu katika kitambaa cha zambarau, akafunga fundo polepole, pembe kwa pembe. Kisha akainama akamshika Inomata kwapani, akamwinua kama anayeinua gunia lake mwenyewe, akamfunga kifungo cha kola kilichokuwa kimefunguka.

"Mtamtaja Ryohei," alimwambia Gotanda. "Siku ile hamkumtaja. Leo mtamtaja, jina lote, mbele ya kamera zao. Na sisi wawili tutasimama nyuma yako tukisikiliza."